Kobe, Fuko au Mlembe: Kuichagulia Lugha ya Programu Mnyama Wake

Lugha yenyewe umekwisha kuiandika. Inapokea amri, hesabu zinatoka sawa, na wanafunzi wawili watatu pale Kwa Vonza au Wote wameijaribu bila kusukumwa. Ndipo mmoja wa kundi lenu anauliza swali ambalo wahandisi hulicheka kwanza, kisha wakaligombania hadi usiku wa manane: mnyama wetu atakuwa nani?

Mpe jibu la maana. Anayeanza kujifunza programu hukutana na maandishi mekundu ya makosa kabla hajakutana na mtu yeyote wa kumsaidia. Mnyama anayemwona kwenye ukurasa wa kwanza wa mafunzo, kisha akamwona tena kwenye stika nyuma ya laptopu ya mtu katika matatu ya Machakos, humjulisha kwamba wako wengine waliopita njia hiyo. Mnyama huyo, yaani maskoti, ana kazi hiyo, na kazi hiyo nembo ya herufi mbili ndani ya duara haiiwezi.

Kwa aliye Kitui au Makueni kuna sababu nyingine. Lugha za programu zenye maneno ya Kiswahili zipo tayari. Nuru, iliyotengenezwa na Watanzania, ina maneno “fanya”, “kama”, “sivyo” na “andika”, nayo imeandikwa kwa lugha ya Go. Ya kwako, iwe imezaliwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) au kwenye ofisi za Konza katika ardhi ya Malili, haitajulikana kwa kuwa na neno “kama” mahali pa neno la Kiingereza. Itahitaji sura yake.

Ushauri wangu mkuu niutoe mapema. Mtafute mnyama mdogo wa huku kwenu, ambaye tabia yake inafanana na kazi ya lugha yako na ambaye mtoto anaweza kumchora. Kisha mwachilie, watu wamchore wapendavyo.

Wenzako waliwapataje

Usidhani kampuni kubwa ziliketi na wataalamu wa soko. Mwaka 1998 Mfaransa Vincent Pontier alizitazama herufi za PHP kwa upande, akaona tembo, akamchora. Kaa wa Rust, anayeitwa Ferris, alitokana na utani: watumiaji wa lugha hiyo walikwisha kujiita kwa jina linalofanana na lile la jamii ya kaa na kamba, kwa hivyo Karen Rustad Tölva akawachorea mmoja. Ngwini wa Linux alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa sababu mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alimpenda ndege huyo, na alimtaka anayeonekana ameshiba na ametulia. Panya-buku wa Go, mwenye macho makubwa na meno mawili, ni wa mchoraji Renée French. Mizizi yake ni mchoro aliouchora miaka mingi kabla, kwa fulana ya kuchangishia kituo cha redio huko Marekani.

Python ina mkasa wake. Guido van Rossum aliiita hivyo kwa heshima ya kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, wala hakuwa na chatu akilini. Watu hawakujali. Leo nembo yake ni nyoka wawili. Kwa hivyo kabla ya kuamua mnyama, litazame jina la lugha: likiwa tayari lina mnyama ndani yake, watu watamchora huyo, upende usipende.

Wanyama wa kuwaacha

Mkutano wa kwanza mtu atasema simba. Mwingine atasema tembo. Wasikilize kwa adabu, kisha toa shilingi mfukoni. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwishoni mwa 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na tembo kwenye ishirini. Wanyama hao wanaiwakilisha nchi nzima, wako kwenye pesa, kwenye chupa za bia na kwenye mabango ya watalii. Lugha yako changa haiwezi kumpokonya yeyote kati yao. Tembo tena ni wa PHP, ni wa hifadhidata ya PostgreSQL, na ni wa Hadoop, iliyopewa jina la mwanasesere wa mtoto wa mtengenezaji wake.

Hilo ni la ulimwengu. La hapa nyumbani ni zito zaidi. Mkulima wa Mtito Andei au Kibwezi, ambaye ndovu wa Tsavo wamelala shambani mwake wakala mahindi ya msimu mzima, hatamwona mnyama huyo kwenye kitabu cha mwanawe akatabasamu. Vivyo hivyo wa Mutomo na Ikutha kusini mwa Kitui. Nyoka naye, hata akichorwa na macho ya urafiki, ni nyoka: bafe na swila huwauma watu wengi Kitui kila mwaka, na wengine hupoteza mguu au maisha. Mutomo kuna bustani ya nyoka ya kuvutia, nenda ukaione, lakini usimtoe maskoti humo.

Siasa na mpira vinataka uangalifu wao. Jogoo ni chama cha KANU. Mwavuli, kwa Mkamba yeyote mwenye umri wa kupiga kura, ni Wiper. Chungwa na ndizi zilikuwa alama za matunda tu hadi kura ya maoni ya 2005. Tangu hapo chungwa lina chama. Rangi pia: mwaka 2010 kijani kilikuwa Ndiyo kwa katiba na nyekundu ilikuwa La, na wazee hawajasahau. Ukivuka mpaka kwenda Dar es Salaam na simba kwenye fulana, nusu ya jiji itakukaribisha na nusu itakununia kabla hujafungua laptopu. Ukisema basi tumchukue chura, utawapata mashabiki wa timu ya Yanga wamekasirika, maana ndilo jina wanalozomewa nalo. Chui tayari ana timu Nairobi.

Halafu kuna serikali yenyewe. Ipo sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa, na simba wawili wenye mikuki wa nembo ya taifa wako chini yake. Usiwakaribie, hata kwa mzaha.

Kuna wanyama wenye sifa mbili, na hao ndio wanaohitaji kuulizwa. Fisi kwenye Kiswahili ni mlafi na mwoga. Ukambani, Mbiti, yaani fisi, ni jina la familia zenye heshima. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango karibu na mji wa Kitui mwaka 1931, alilifikisha jina hilo kwenye maktaba za dunia, na kitabu chake cha hadithi za Wakamba kilitoka 1966. Kwenye hadithi zenyewe, hata hivyo, fisi ndiye anayedanganywa na sungura kila siku. Punda vilevile. Ndiye anayebeba madumu ya maji kutoka mtoni hadi nyumbani, na pasipo yeye vijiji vingi vya Makueni vingekaa na kiu. Lakini jaribu kumwambia mwanafunzi kwamba lugha anayojifunza ni ya punda. Zaidi ya hayo, koo nyingine za Wakamba zina mnyama wao wa jadi ambaye hawamli wala hawamdhuru. Kabla ya kuchapisha, muulize mzee wa ukoo mmoja au wawili. Itakugharimu chai.

Watatu wa kufikiriwa

Sasa nikupe walio hai, wa huku, ambao hakuna aliyewachukua.

Wa kwanza ni mlembe, yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. Kitui na Makueni ni nchi za nyuki, na warina asali wa kale walimjua: anaita, anaruka mti kwa mti, anasubiri ukimfuata, na mzinga ukivunjwa yeye hula nta na mabuu. Mtafiti Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer waliwafuatilia Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Bila ndege, kupata mzinga kulichukua wastani wa karibu saa 9. Wakiongozwa naye, saa 3 na ushei. Kwa lugha inayomwongoza mwanafunzi hadi kwenye jibu, ungependa nini tena?

Subiri. Mlembe hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, na kinda lake huzaliwa na ndoano mdomoni ambayo huitumia kuwaua watoto wa mwenye nyumba kabla halijafumbua macho. Hilo litajulikana tu, kwa sababu watu wa programu ni watu wa kutafuta, na siku lugha yako itakapokosana na lugha nyingine mtu atalichomoa. Lakini mimi sikumwondoa kwa ajili ya dhambi hizo. Nilimwondoa kwa sababu hachoreki. Ni ndege wa rangi ya vumbi mwenye umbo la ndege wote. Ukiondoa jina chini ya picha, amekuwa shomoro.

Wa pili ni fuko asiye na manyoya. Huyu hajulikani sana na majirani zake, ingawa ni maarufu katika maabara za ulimwengu, na umaarufu huo ulianzia sehemu kubwa hapa: makundi ya fuko waliopelekwa kuchunguzwa ng'ambo yalitoka Mtito Andei, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis wa Chuo Kikuu cha Cape Town alionyesha kwamba wanaishi kama nyuki. Kuna malkia mmoja anayezaa, na wengine ni wafanyakazi, wachimbaji na walinzi. Kundi huwa na fuko 70 au 80, na makubwa hukaribia 300. Mnyama wa gramu thelathini na kitu huishi zaidi ya miaka 30, umri ambao panya wa kawaida hata hauoti. Kansa humpata kwa nadra sana. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba anaweza kustahimili dakika 18 pasipo oksijeni kabisa, kisha akaamka na kuendelea na shughuli zake.

Mtu wa seva akisikia habari hizo anaacha kikombe. Programu inayokaa gizani miaka 30, haiugui, na umeme ukikatika hulala ikaamka salama! Kuna jambo jingine lililonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2021 ilibainika kwamba kila kundi la fuko lina lahaja yake ya mlio. Kinda akihamishiwa kundi lingine angali mdogo hujifunza lahaja ya wenyeji, na malkia akipotea lahaja huvurugika hadi apatikane mwingine. Kwa lugha ya programu sijui mnyama gani mwingine angestahili zaidi.

Ana kasoro tatu. Meno yake ya mbele yatawakumbusha watu panya-buku wa Go, kwa hivyo ngozi yake ya makunyanzi na vijicho vyake vidogo lazima vionekane mara moja, na usimchore akisimama kwa miguu miwili. Pili, hula mizizi, na mwenye shamba la viazi vitamu au muhogo ana maneno yake juu ya fuko. Ya tatu niiseme kwa heshima: ni mnyama wa waridi, mrefu, asiye na manyoya, na mchoro wake ukikosewa kidogo mwalimu wa dini ataubandua ukutani. Mpe miguu iliyo wazi, meno yaliyo wazi, na kama mnaweza kofia ya mchimba kisima.

Wa tatu ni kobe bapa. Kama hujamwona, nenda upande wa Mwingi, kwenye majabali ya Nguni na Nuu, ukafuatane na mtu anayeijua mianya ya mawe. Ni kobe aliyekanyagwa. Gamba lake lina urefu wa sentimita 17 hivi na unene wa tatu au nne, ni jembamba na linabonyea kidogo. Kobe wengine wakitishwa hujikunja ndani na kungoja. Huyu hukimbia, na kwa kobe anakimbia kwelikweli, kisha hujipenyeza kwenye ufa wa jiwe na kujibana humo hadi hakuna wa kumng'oa. Hupanda mawe. Hutaga yai moja moja. Anapatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia, basi. Biashara ya kumuuza nje kama mnyama wa kufuga imemfikisha pabaya: tangu 2019 yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku.

Kwa lugha nyepesi, inayotoshea kwenye simu ya bei nafuu au kompyuta kuukuu ya shule ya upili huko Kathonzweni, hapo una picha kamili: kidogo, chembamba, chepesi kuliko kinavyodhaniwa, na ukikibana kinashika. Watakaosema kobe ni mpole mno wanamfikiria kobe mwingine, na ubishi huo wenyewe ni tangazo la bure. Ana ukoo pia katika fani. Lugha ya Logo, iliyoanza 1967 mikononi mwa Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig, iliwafundisha watoto kwa kobe anayetembea na kuacha mstari nyuma yake. Awali alikuwa roboti sakafuni, baadaye akahamia kwenye skrini. Kobe wa Logo hakuwa pambo. Ndiye aliyekuwa somo lenyewe. Ukimchagua kobe bapa, mpe kazi kama hiyo: mbele 50, kulia 90, na mchoro unatokea.

Mimi ningemchukua kobe kwa lugha ya shule, na fuko kwa lugha ya watu wa seva. Nikilazimishwa mmoja, kobe, kwa sababu ya kalamu. Sababu hiyo ndiyo tunayoiendea.

Mjaribu kabla ya kumpenda

Mpe mtoto wa darasa la tatu kijiti na uwanja wenye mchanga. Mwonyeshe picha yako kwa muda mfupi, iondoe, mwambie achore. Akitoa kitu ambacho mtoto wa pili anakitambua, umepita mtihani mkubwa kuliko wote. Kobe bapa ni mstari mmoja uliopinda, miguu minne na kichwa. Wanyama wanaohitaji kivuli, manyoya au rangi maalumu ili wajulikane hufia hapa.

Halafu nenda saiba pale mjini, uchapishe mchoro kwa nyeusi na nyeupe kwenye mashine iliyoishiwa wino kidogo, kisha utoe nakala ya nakala. Vitabu vya mafunzo vya kwenu vitasomwa hivyo. Kama mnyama amegeuka doa, rudi mezani. Mpunguze pia hadi pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa ile picha ndogo juu ya kichupo cha kivinjari, umtazame kwenye simu yenye ufa. Mwisho mjaribu kwa herufi na alama za kibodi peke yake, maana mtu wa kwanza kuiendesha lugha yako atafanya hivyo kwenye dirisha jeusi lisilo na picha.

Jambo linalosahaulika: watu watataka kumvika. Watamtaka kobe aliyebeba kiondo mgongoni, kobe anayepiga ngoma ya kilumi, kobe aliyevaa joho la mahafali ya SEKU. Mwili wake uwe na nafasi ya kubeba vitu. Panya-buku wa Go ana maelfu ya mavazi kwa sababu umbo lake ni gunia lenye macho.

Jina

Hapa nina mfano wa karibu. Pomboo wa hifadhidata ya MySQL anaitwa Sakila. Kampuni ilifanya shindano la kumpa jina, na mshindi alikuwa Ambrose Twebaze, mtengenezaji programu aliyekuwa Swaziland, mwenye asili ya Uganda. Alieleza kwamba jina hilo lina mizizi katika Kiswati, na pia ni jina la mji huko Arusha. Jina la silabi tatu, lisilogongana na ulimi wa mtu yeyote kutoka Kampala hadi California. Wengi wanaolitumia kila siku hawajui kwamba lilishindaniwa na Mwafrika wa Mashariki akashinda.

Fanya shindano kama hilo, lakini chuja wewe mwenyewe majina ya mwisho. Liwe bila herufi zenye mawimbi juu, kwa sababu Kikamba kinazo na anwani za mtandao na majina ya faili hayazipokei vizuri. Lisitegemee r na l zikae mahali pake, maana kuna watu watachekwa kila wakilitamka, nao watakuwa wa kwenu. Jina la mtu pia lina shida yake: ukimwita Kioko au Mutuku, kila aliyezaliwa asubuhi au usiku atakuwa na binamu mwenye jina hilo, na utani hautaisha. Kisha litafute kwa makini kabla ya kulitangaza. Disney ilisajili Hakuna Matata kuwa alama yake ya biashara Marekani mwaka 2003, na malalamiko ya Waswahili ya 2018 yalikuta mambo yamekwisha.

Karatasi

Sehemu hii huchosha, na ndiyo inayoua maskoti. Ngamia wa Perl alitoka kwenye jalada la kitabu cha kampuni ya O'Reilly cha 1991. Watu wakampenda, wakamchukua, lakini alama ya biashara ilibaki kuwa ya mchapishaji, hadi taasisi ya Perl ikatafuta nembo yake yenyewe, ya kitunguu. Duke wa Java alichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na akaachiliwa rasmi mwaka 2006. Panya-buku wa Go yuko chini ya leseni ya Creative Commons inayotaka tu mchoraji atajwe, na Ferris alitolewa kwa umma moja kwa moja. Angalia ni wawili gani kati ya hao unaowaona kila mahali.

Kwa hivyo, mchoraji akiwa rafiki, mwanafunzi mwenzako au binamu, andikianeni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vinginevyo, lakini usimwachie wakili wa baadaye jambo hilo. Karatasi moja inatosha: nani amechora, amelipwa nini, kazi inatolewa kwa leseni gani, na jina lake litatajwa wapi. Mlipe. Hata kama nyote mnafanya kazi ya bure, yeye mlipe. Sajilini mchoro kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, ili tarehe ijulikane.

Alama ya biashara ni suala jingine, nalo hushughulikiwa na taasisi ya mali ya viwanda, KIPI. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida lao, watu hupewa siku 60 za kupinga, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Maoni yangu ni haya: sajilini jina la lugha, mwacheni mnyama huru. Mwaka 2023 wasimamizi wa Rust walitoa rasimu ya kanuni kali za alama zao na jumuiya nzima ikawaka, hadi wakaomba radhi na kuirudisha mezani. Ferris hakuwa na mwenye kumfungia, na watu waliendelea kumchora.

Ukitumia nakshi za kiondo au mapambo mengine ya jadi kwenye mwili wa mnyama, soma kwanza sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Inatambua haki za jamii yenyewe, na kaunti ina sehemu yake katika kuweka kumbukumbu hizo. Hodi moja kwenye ofisi ya utamaduni ya kaunti huepusha mengi.

Mwili

Siku ya uzinduzi, usimlete kobe hai ukumbini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha na anayemshika mnyama wa aina hiyo bila kibali, na yaliyosemwa kuhusu biashara yake yanatosha kukueleza kwa nini. Usichapishe pia mahali hasa anapoonekana. Taja Kitui, wacha jabali.

Mlete wa mti. Uko karibu na mafundi ambao wachache duniani wanawafikia. Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, ndiko uchongaji wa Wakamba ulikoanzia, na Mutisya wa Munge ndiye anayetajwa kwamba aliuleta baada ya kuuona Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miti ya zamani, mpingo na muhugu, imekatwa hadi ikaadimika. Omba mwembe uliokwisha kuzaa, ambao Makueni haukosekani, au mwarobaini au mjakaranda. Watoto wadogo wafumieni wa uzi wa katani, kwa vikundi vya akina mama wanaosuka vyondo. PHP imeuza tembo wake wa kitambaa miaka mingi, na wapenzi wake huwakusanya wa kila rangi.

Agiza mmoja kwanza. Mpelekee fundi mchoro wa mbele, wa ubavu na wa juu, kisha usimsimamie. Kobe akirudi na shingo nene kupita ulivyoichora, mchoro ndio wa kurekebishwa, kwa sababu fundi amekwisha kupajua mahali mti unapokatikia.